Mtoro: Safari ya Neno na Historia ya Mahudhurio ya Shule katika Tanganyika

Neno mtoro limekaa katika lugha ya Kiswahili muda mrefu kabla ya serikali yo yote kujenga shule katika mwambao. Mtu wa leo akilisikia humwona mara moja mtoto aliyeagwa nyumbani asubuhi, akaficha madaftari yake kichakani, akaenda zake kuogelea. Mtu wa Pangani wa miaka mia moja na hamsini iliyopita angemwona mtu mwingine kabisa: mtumwa aliyeondoka usiku katika shamba la miwa, bila ya ruhusa ya bwana wake, akaingia nyikani. Safari ya neno hili, tangu shambani hata darasani, ni fupi kuliko inavyodhaniwa, nayo yaeleza mambo ambayo vitabu vya historia ya elimu huyapita upesi.

Watoro wa karne ya 19 hawakuwa watu wachache waliotawanyika porini. Walikuwa na miji yao. Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, aliwapokea wakawa askari na wakulima wake. Nyuma ya Takaungu na Malindi palikuwa na Fuladoyo, na katika nyika za Pangani palikuwa na Kikogwe, makao ya watu waliozikimbia taabu za mashamba ya miwa. Walijenga maboma, wakalima, wakaoa na kuozana. Kwa hiyo kitenzi kutoroka hakikuwa na harufu ya uvivu hata kidogo. Mvivu hukaa, mtoro huenda. Aliyemsaidia mwenziwe kwenda alihesabiwa kuwa amemtorosha, na neno hilo mahakama hulitumia hata leo kwa mtu aliyemwondoa binti wa watu nyumbani kwao. Katika maneno yote ya jamaa hii mna watu watatu: anayekwenda, mwenye haki ya kumzuia, na mahali asipotaka kukaa. Huyo wa tatu, yaani mahali penyewe, ndiye asiyeulizwa habari zake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903, aliandika habari za utumwa na pia habari za mtoto anavyopelekwa chuoni. Hapana ajabu kwamba mambo haya mawili yamo katika kitabu kimoja, kwa maana katika miji ya pwani yalikuwamo katika nyumba moja. Wala jina lake mwenyewe halikuwa aibu kwake; alilichukua mpaka Berlin, ambako alifundisha Kiswahili.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kwamba shule za kwanza za Kizungu katika pwani hazikuwa mahali pa kutorokwa, bali mahali pa kutorokewa. Misheni ya Vyuo Vikuu ilipoanza kazi Unguja mwaka wa 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa katika utumwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka wa 1868, waliijaza watoto waliokombolewa. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walimiminika misheni kwa mamia, hata mabwana wao wakatishia vita. Mwanzoni mwa mwaka wa 1889 George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imekodi pwani ile, alilipa fidia kwa mabwana, na zaidi ya watoro 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru. Hivyo katika Rabai mtoro na mwanafunzi walikuwa mtu mmoja. Alitoroka ili afike.

Jambo hili lilikuwa na matokeo ambayo wamisionari hawakuyataka. Waungwana wa pwani waliiona shule ya misheni kuwa shule ya watumwa, mbali ya kuwa shule ya dini ngeni, wakawaweka watoto wao mbali nayo. Tena wanafunzi waliokaa misheni hawakuwa na nyumba ya kurudi, na kwa hiyo suala la mahudhurio halikuwako kwa sura tuijuayo. Mtoto alilala pale, alikula pale, alifanya kazi katika shamba la pale. Kengele ilipolia alikuwapo. Wako waliokimbia hata huko, hasa vijana walioona kwamba maisha ya Bagamoyo chini ya mapadre yalikuwa na kazi nyingi na ruhusa chache. Waliitwa nini? Waliitwa watoro, bila ya shaka, kwa maana hapakuwa na neno jingine.

Lakini watoto wengi wa mwambao walikuwa na shule yao tayari, nayo ni chuo cha Kurani. Inafaa kukitazama kwa makini, kwa kuwa kilikuwa na namna yake ya kushughulika na mtoto asiyekuja, na namna hiyo ilikuwa tofauti sana na iliyokuja baadaye.

Chuoni hapakuwa na daftari la majina. Mwalimu alimjua kila mtoto kwa ubao wake na kwa mahali alipofika katika msahafu. Mzazi alimleta mtoto mwenyewe, akamkabidhi kwa maneno na kwa ada, na toka siku hiyo mambo yote yalikuwa kati ya watu wawili wanaojuana, ambao aghalabu walisali msikiti mmoja. Siku za kupumzika zilijulikana, kuanzia Alhamisi mchana mpaka Ijumaa, na Alhamisi mtoto alichukua senti za mwalimu. Kama mtoto alikuwa na kazi kwao, mzazi alipita kwa mwalimu kumwombea ruhusa. Kama hakuja bila ya ruhusa, mwalimu hakuandika cho chote. Aliwatuma wanafunzi wakubwa wawili watatu wamfuate. Hao walikwenda kwa furaha kubwa, wakamkuta juu ya mwembe au ufukoni, wakamleta msobemsobe, na fimbo ikafuata. Chuo hakikuwa mahali pa upole, na mtu asidhani kwamba wazee wetu walikuwa wakibembeleza.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja katika muundo wa chuo lililopunguza madhara ya kukosa. Chuo hakikuwa na darasa. Kila mtoto alisoma kwa mwendo wake: huyu yuko katika sura fupi za mwisho, huyu amefika nusu, yule yu karibu kuhitimu. Aliyekwenda shamba na mama yake miezi miwili wakati wa mavuno alirudi, akachukua ubao wake, akaendelea pale alipoachia. Alipoteza wakati, lakini hakupoteza nafasi. Hakuna aliyempita kwa namna ya kumfungia mlango. Shule yenye madarasa haiwezi kufanya hivyo. Humo watoto arobaini huenda pamoja kama msafara, na aliyebaki nyuma wiki tatu huwakuta wenziwe wamekwisha vuka mto. Kosa la kutokuwapo, ambalo chuoni lilikuwa ni utovu wa adabu, likawa katika shule mpya hasara isiyolipika. Kwa hiyo utoro wa shule kwa maana ya leo haukuzaliwa na tabia mbaya ya watoto, ambayo ni ya kale kama watoto wenyewe. Ulizaliwa na darasa.

Shule mpya ya namna hiyo ilifunguliwa Tanga mwaka wa 1892. Gavana wa Wadachi, Julius von Soden, alitaka shule ya serikali isiyofungamana na dini, ambayo watoto wa Kiislamu wangeweza kuingia bila ya hofu, na humo wapatikane makarani na wakalimani. Wazo la kuweka mwalimu wa Kurani katika shule ya serikali ili kuwavuta wazazi lilizungumzwa, na wamisionari wakalipinga kwa nguvu. Wazazi wa Tanga hawakuharakisha. Walikuwa na chuo; walikwisha ona shule za misheni zilikuwa za nani; na ule uasi wa pwani, ambao Wadachi waliwapiga watu wa Pangani na Bagamoyo kwa mizinga, ulikuwa umekwisha miaka michache tu nyuma yake. Hivyo shule ilipata wanafunzi kwa njia ambayo serikali ilipatia vitu vingine vyote, yaani kwa kuwaagiza majumbe. Jumbe aliyetakiwa kuleta watu wa kulima barabara alitakiwa pia kuleta watoto wa kusoma.

Msomaji akumbuke kwamba wakati huo utumwa haukuwa umepigwa marufuku katika nchi ile. Wadachi walizuia biashara ya watumwa, lakini mtumwa aliyeko nyumbani aliendelea kuwa mtumwa. Walichoamua mwaka wa 1904 ni kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka wa 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka wa 1922, chini ya Waingereza. Basi kwa miaka 30 mtoto wa shule ya Tanga aliyeitwa mtoro aliitwa kwa jina la mtu aliye hai, ambaye alimjua na pengine alimwona akirudishwa amefungwa kamba. Neno halikuwa mfano. Lilikuwa ni hukumu ile ile, likitumiwa kwa mtu mdogo zaidi.

Na kabla mtumwa hajatoweka, alikwisha patikana mrithi wake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Usambara mfanyakazi alipewa kipande, karatasi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Kila siku aliyomaliza kazi yake alitiwa alama. Siku asiyofika nafasi ilibaki tupu. Na mshahara ulilipwa nafasi zote 30 zikijaa. Katika wakati wa Waingereza kwa kawaida alitakiwa azijaze katika muda wa siku 42. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka wa 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kuwa ni kosa la jinai, na mkosaji aliitwa, kwa Kiswahili cha kambi na cha mahakama, mtoro. Sasa mtu alitazame daftari la mahudhurio la shule ya zamani: majina upande wa kushoto, siku za mwezi juu, alama ya kuwapo, alama ya kutokuwapo, na jumla mwishoni mwa mstari. Aliyezoea kipande hahitaji kufundishwa kulisoma. Kamusi Sanifu ya mwaka wa 1939 ilipokuja kulieleza neno mtoro, iliwaweka pamoja aliyeacha kazi na aliyekosa shule, na kwa kufanya hivyo haikukosea. Ilirekodi lugha kama ilivyosemwa.

Neno la upande wa pili lina nasaba nyingine kabisa. Kuhudhuria ni neno la Kiarabu, la baraza na la msikiti; mtu huhudhuria mbele ya watu wazima, kwa hiari na kwa heshima. Daftari pia ni neno la wafanyabiashara. Hivyo mtoto mwema wa shule alipewa lugha ya barazani, na mtoto asiyekuja akapewa lugha ya shamba la miwa.

Kabla ya vita vya 1914 shule za serikali ya Wadachi zilikaribia 100, zikiwa na wanafunzi kama 6,000. Misheni zilihesabu zaidi ya wanafunzi 150,000. Hesabu hiyo ya pili isomwe kwa uangalifu. Nyingi za shule hizo zilikuwa banda moja chini ya mwalimu mmoja wa dini, na kuandikwa jina ni jambo moja, kufika ni jingine. Wakati wa mvua na wakati wa mavuno mwalimu wa namna hiyo aliweza kubaki na watoto watano na mbuzi.

Waingereza walipoichukua nchi walileta mkaguzi na daftari rasmi. Kwao daftari lilikuwa na historia nzito: tangu mwaka wa 1862, kwa miaka mingi, shule za Uingereza zilizosaidiwa na serikali zililipwa kwa kadiri ya watoto waliofika na waliofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza alimtazama mtoto mgonjwa kama fedha inayopotea. Kuanzia mwaka wa 1880 wazazi wa huko walilazimishwa kwa sheria, na maofisa wakapita mitaani kuwatafuta watoto. Wadachi nao walikuwa na sheria ya kulazimisha katika Prussia tangu karne ya 18. Lakini hakuna hata mmoja wa wakubwa hawa wawili aliyeileta sheria hiyo Tanganyika. Sababu si ngumu kuiona. Serikali inayosema kwamba kila mtoto lazima aje, imejifunga kumjengea kila mtoto mahali pa kukaa. Amri ya jumbe haina deni hilo. Humlazimisha huyu na kumwacha yule, wala haimwahidi mtu ye yote kitu cho chote. Kwa muda wote wa utawala wa kigeni mtoto wa Tanganyika aliweza kuadhibiwa kwa kutokuja shule, lakini hakuwa na haki ya kuwa na shule ya kuja.

Na kutokuja kwenyewe kulikuwa na sababu zake, ambazo kila mwalimu wa kijijini alizijua bila ya kuambiwa. Mpunga na mtama zikianza kutia tembe, ndege hushuka kwa maelfu, na kazi ya kuamia ni ya watoto: hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hata magharibi, wakipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Siku mbili bila mwamiaji ni njaa ya mwaka. Mzazi aliyemtoa mtoto shule wiki sita kwa kazi hii hakuwa adui wa elimu. Alikuwa akifanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwa wafugaji, mtoto wa miaka 7 ndiye mchungaji wa ndama na mbuzi, na akiondoka hapana wa kushika fimbo yake. Katika Uchaga zilikuwapo siku za kuchuma kahawa. Katika Usukuma, za pamba.

Kisha kulikuwa na jando na unyago, ambavyo navyo ni shule, tena za zamani. Kijana aliyekwenda kumbini alikaa huko wiki kwa wiki akifundishwa, na waalimu wake huko hawakumwona kuwa mtoro wa mahali po pote. Kwa maoni yao alikuwa darasani. Katika Masasi, Vincent Lucas wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliamua kuliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kushindana nalo, na katika hilo alionyesha akili kuliko wengi wa zama zake. Unyago haukupata mapatano mepesi hivyo. Msichana akivunja ungo, katika Uzaramo na sehemu nyingine za pwani, aliwekwa ndani, na mwali hatoki nje mpaka achezwe. Kutoka hapo njia ilielekea kwenye ndoa, si kwenye shule. Katika daftari la mwalimu, msichana huyu alikuwa mstari wa alama za kutokuwapo ambao mwishowe ulikatwa kwa wino mwekundu. Katika lugha ya nyumbani kwao alikuwa amekua.

Umbali ulikuwa sababu ambayo haikuhitaji mila. Julius Nyerere alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, alikuwa na umri wa miaka 12 na shule ilikuwa mbali na Butiama kwa kilomita 40 hivi. Alisoma kwa kulala huko huko. Kwa kila mmoja aliyepata kitanda, walikuwako wengi waliotembea maili nyingi kwenda na kurudi, mpaka mto ulipojaa.

Katika miaka ya 1950 jambo hili lilifika mahali pa kushangaza. Mpango wa Miaka Kumi wa elimu, ulioanza mwaka wa 1947, uliongeza shule za darasa nne za kwanza, na mara waliosimamia shule wakaona kwamba watoto wengi walioingia darasa la kwanza hawakulifikia la nne. Tawala za wenyeji zikatunga kanuni: aliyemwandikisha mtoto na asihakikishe kwamba anahudhuria, ashitakiwe katika baraza na atozwe faini. Kanuni hizi zilikaa katika buku moja na kanuni za kuchimba matuta na za kuogesha ng'ombe, na ziliwafikia watu kwa tarishi yule yule. Katika Uluguru watu waliyakataa matuta mwaka wa 1955 hata damu ikamwagika. Lakini shule hawakuikataa. Miaka hiyo hiyo wazazi walikuwa wakidai shule zaidi kuliko serikali ilivyokuwa tayari kutoa, na chama cha wazazi, TAPA, kilianzisha shule chenyewe kwa michango ya watu. Basi huku mzazi mmoja alitozwa faini kwa kuwa mtoto wake hakuja, na huku jirani yake alirudishwa nyumbani na mtoto kwa kuwa hapakuwa na nafasi.

Mambo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Mzazi alimpeleka mtoto kwa sababu aliona faida mwishoni. Naye alimwondoa alipoona kwamba mwisho umefungwa. Baada ya darasa la nne palikuwa na mtihani, na shule za kati zilizopokea waliofaulu zilikuwa chache mno. Wengi wa waliokaa mpaka mwisho walirudi shambani, sawa na aliyetoka katika darasa la pili, ila wamechelewa miaka miwili. Wakubwa wa elimu waliandika juu ya uzembe wa wazazi. Wangeweza pia kuandika juu ya mlango.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961, chini ya nusu ya watoto wenye umri wa shule walikuwa shuleni. Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji kurudiwa kwa urefu: ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote, Elimu ya Kujitegemea ikatangazwa mwaka wa 1967, ada za shule za msingi zikafutwa mwaka wa 1973, na katika Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto awe na nafasi. Vijiji vipya viliwaleta watu karibu na shule, wengine kwa hiari na wengine kwa malori. Mabalozi wa nyumba kumi walipita mlango kwa mlango wakiandika majina ya watoto. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa waalimu. Ndipo kwa mara ya kwanza serikali ya nchi hii ikathubutu kusema lile ambalo wageni hawakulisema: Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1978 iliamuru kila mtoto aliyefikia miaka 7 aandikishwe na ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi, na mzazi asiyetimiza apigwe faini au afungwe.

Sheria hii ilikuwa jambo kubwa, na anayeicheka kwa sababu haikutekelezwa yote amesahau kilichokuwako kabla yake. Ilimpa mtoto haki katika sura ya amri. Lakini ilirithi pia lugha. Aliyelazimishwa na sheria, asipofika, amevunja sheria. Na jina lake lilikuwa tayari. Viongozi wa kijiji, migambo, na mahakama za mwanzo waliingia katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanafunzi wakubwa wawili wa chuoni. Shamba la shule, lililokusudiwa kumfundisha mtoto heshima ya kazi, mara nyingi lilimfundisha jembe peke yake, na wazazi wakauliza kama mtoto alitolewa shambani kwao ili alime la mwalimu. Hilo halikuwa swali la wajinga. Baadaye, katika miaka ya 1990, ada zilirudi na idadi ya watoto ikapungua. Zilipofutwa tena mwanzoni mwa karne hii madarasa yakafurika, na mwaka wa 2016 yakafurika mara ya pili baada ya michango kuondolewa. Ni ajabu ndogo ya historia kwamba kila mara gharama ilipoondolewa, watoro wengi walionekana kuwa wamepona ugonjwa wao siku moja.

Adhabu nayo iliwekewa daftari lake. Kanuni za mwaka wa 2002 zilisema viboko visizidi vinne, vipigwe na mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila mara viandikwe katika kitabu. Anayezijua shule nyingi hatasema kwamba vitabu hivyo vimejaa sawasawa na viboko.

Limebaki jambo la takwimu, ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ingawa ni kavu kulisoma. Kila mwaka ofisi za elimu za Tanzania zilitoa hesabu ya wanafunzi walioacha shule na sababu zake: vifo, ugonjwa, mimba, kukosa mahitaji, na utoro. Kwa desturi aliyekosa siku 90 mfululizo alihesabiwa kuwa ameacha. Mwaka kwa mwaka utoro ndio uliokuwa sababu kubwa, ukizipita nyingine zote kwa mbali. Mtu asome jedwali hilo taratibu. Mtoto huyu ameacha kuja shule. Kwa nini? Kwa sababu haji shule. Neno limekaa mahali pa jibu, na kwa kuwa limekaa vizuri hakuna anayeuliza tena. Mwamiaji wa ndege, mchunga ndama, mtoto wa mvuvi aliyeshushwa dagaa usiku kucha, msichana anayemlea ndugu yake kwa kuwa mama yu mgonjwa, na yule anayeogopa fimbo ya mwalimu wa hisabati, wote huingia katika safu moja na kutoka humo wakiwa na kosa moja. Mwenye shamba la miwa wa Pangani naye aliandika hivyo hivyo katika hesabu zake: fulani ametoroka. Hakuandika ametoroka nini.

Msichana aliyepata mimba, kwa upande wake, alikuwa na safu yake mwenyewe, na kwa miaka mingi safu hiyo ilikuwa ya kutoka tu, kwa kuwa shule zilimfukuza. Katika Novemba 1921 jambo kama hili lisingezungumzwa na serikali yo yote. Katika Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2, ulioruhusu kurejeshwa shuleni kwa wanafunzi walioondoka kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwa mojawapo. Mtaalamu wa lugha ataona kwamba waraka huo haukuwaita watoro. Uliwaita wanafunzi waliokatiza masomo. Maneno haya ni marefu na hayana ladha, yana sauti ya ofisi. Lakini ndani yake hamna bwana, wala hamna aliyekimbia, na kilichokatizwa chaweza kuungwa. Takwimu za miaka iliyofuata ziliendelea kuwa na safu ya utoro, mahali pake pa zamani.